Mama wa Kwenye Bango

Ukipanda kutoka bondeni Rwenkende, huko Chonyonyo, kwenda kwenye tangi jipya la maji, mtu wa kwanza kukutazama ni Ma Kokugonza. Yuko kwenye bango la bati, mkubwa kuliko mlango wa kanisa. Kichwa kimenyolewa, miguu mitupu, kanga imepauka, na kiunoni amefungwa kamba ya mgomba mkavu. Mkononi ana dumu lililojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Chini yake pameandikwa jina la mradi kwa herufi nene, na shukrani kwa wafadhili wa ng'ambo. Kokugonza mwenyewe, yule wa nyama na damu, hupita hapo kila Jumapili akienda ibadani, amevaa gauni la kitenge na viatu, na akifika hapo huinamisha uso. Watoto wa huko juu humwita Mama Bango. Huitikia, maana afanyeje.

Tusidanganyane, mwanamke huyu hakuwa tajiri, lakini hakuwa fukara wa kupigwa picha. Alikuwa na kibanja chake cha migomba na kahawa, nyumba ya bati na mbuzi wa kutosha kumsumbua. Siku ile wageni walipomkuta alikuwa kwenye msiba. Mumewe Jovitus alikuwa amelazwa kaburini nyuma ya nyumba, kati ya migomba, udongo bado haujakauka, baada ya taifodi kumwandama mpaka ikammaliza. Na katika ukoo wa Jovitus mjane hunyolewa kichwa, huvua viatu, huvaa kanga moja kuukuu, kisha hufungwa kiunoni kamba ya mgomba, hadi siku wakubwa wa ukoo watakapokuja kuifungua. Wachungaji wamelisemea jambo hilo wakachoka. Watu wameitikia amina, wakaendelea kufunga.

Waombolezaji walipokwisha kutawanyika na madumu kubaki makavu, Kokugonza alishuka mwenyewe lamboni, mahali ambapo ng'ombe wanakunywa na watu wanachota. Akakuta gari jeupe, wageni wa ng'ambo, na binti mmoja mwenye mtandio na kamera. Huyo ni Najat, ofisa wa mradi, mtoto wa wenye maduka mjini. Alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akaomba kumpiga picha. Kokugonza alisimama, akapigwa. Wageni wakatikisa vichwa kwa huruma, wakapanda gari, wakaenda zao.

Mtu atauliza kwa nini hakusema kwamba amefiwa. Huyo si mtu wa kwetu. Kwa Wanyambo mgeni hatupiwi habari ya kifo akiwa amesimama njiani. Anakaribishwa kwanza, nyasi mbichi zinatandikwa sakafuni, anaketi, anapewa kahawa za kutafuna, anatafuna. Ndipo mkubwa wa nyumba anakohoa na kusema kwamba mwenzetu fulani ametuacha. Ukimwambia kabla ya hapo umemburuta kilioni bila kumpa pa kukaa, na hiyo ni aibu ya nyumba nzima. Wanawake wengine waliokuwa lamboni walitazamana, wakanyamaza. Wageni hawakuketi, basi hawakuambiwa. Adabu ile ndiyo iliyomponza Kokugonza.

Picha ikasafiri. Huko ilikokwenda watu waliitazama wakaona njaa, wakaona unyonge, wakafungua mifuko yao. Fedha zikaja kweli, hakuna wa kukana. Kikachimbwa kisima kirefu juu ya kilima, pampu ya sola ikafungwa, tangi likajengwa, mabomba yakashuka mpaka shuleni na kanisani. Hapo ukingoni fedha zikaisha. Upande wa bonde, ambako mwenye picha anaishi, ukaambiwa usubiri awamu ya pili. Kwa hiyo wa juu wakawa wanafungua bomba, na wa chini wakawa wanawafukuza ng'ombe wapate kuchota.

Sasa wageni walikuwa wanarudi ili kuamua kama awamu ya pili itakuwapo. Aliyeleta habari ni Ta Rweyemamu, mwenyekiti wa kamati ya maji. Ndiye kaka mkubwa wa marehemu Jovitus, na ndiye aliyekuja siku ile ya mwisho wa matanga kuifungua kamba kiunoni mwa Kokugonza kwa mikono yake. Alikuja mchana, akaketi, akatafuna kahawa moja, akaitafuna kwa muda mrefu mno.

"Wageni wanakuja Alhamisi," alisema. "Wanasema wanataka kumwona mama wa kwenye bango."

"Waje. Nitawapikia."

"Wanataka kukuona ulivyo."

"Nilivyo ndivyo hivi, shemeji."

Rweyemamu alitazama gauni, akatazama viatu. Si mtu mbaya. Wajukuu zake mwenyewe wanakunywa lambo lile. Lakini alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kuahidi mahali.

"Wakikukuta hivi watasema bonde hili limeshapata. Fedha zitakwenda kwingine. Vijiji vya Kyerwa navyo vimeomba, na huko hawalali. Vaa ile kanga ya zamani, Kokugonza. Na viatu uache. Na ile nyingine."

"Itaje."

Hakuitaja. Aliokota kokwa ya kahawa iliyoanguka mkekani, akaiweka mfukoni.

"Nani amekufa, shemeji?" Kokugonza aliuliza. "Niambie nani amekufa, nitafunga sasa hivi."

Chumbani mtu alikohoa. Alikuwa Noela, mwanawe wa pekee, aliyekuja kutoka Nkwenda kwa mumewe, mnunuzi wa maharage, ili mimba yake ya kwanza ikomae kwa mama yake kama inavyotakiwa. Kabla ya Noela walizaliwa wengine, hawakukaa. Kwa hiyo Kokugonza alikuwa na haja moja tu duniani, na aliisema wazi kwa kila aliyetaka kusikia: mjukuu azaliwe mzima, na mikono ya kwanza kumwogesha iwe mikono yake. Alikuwa ameshanunua beseni. Lilikuwa uvunguni, limefunikwa kwa kitambaa, na lilikuwa zuri kuliko sahani zote za nyumba ile.

Na watu wa bonde lile wanajua jambo moja kuhusu kamba ya mgomba. Anayeifunga bila kufiwa anapunga mkono. Kifo hakipiti bila kuitika, na kikiingia hakichukui mzee aliyechoka. Kinachukua aliye laini. Katika nyumba ile aliye laini hakuhitaji kutafutwa, alikuwa tumboni.

"Mama, ni kamba tu," Noela alisema Rweyemamu alipokwisha kuondoka. Amesoma, amefanya kazi ya kutuma pesa kwa simu pale Nkwenda, hana muda na mambo ya wazee. Ila alilisema hilo huku amelishika tumbo lake kwa mikono yote miwili, na mama yake aliona.

Siku zile kabla ya Alhamisi Kokugonza hakupata pumzi. Akifunga, anamwita mchukuaji. Asipofunga, mjukuu ataogeshwa yale yale maji yaliyompeleka babu yake kaburini. Aligeukia huku akakuta ukuta, akageukia kule akakuta mwingine. Na majirani nao hawakumwacha. Hakuna aliyemwomba, maana kuomba kungekuwa na jibu. Walimletea ndizi. Walimpalilia kibanja bila kuitwa. Rafiki yake Agnetha alikuja kuazima ungo, mtoto mgongoni amelegea kwa kuhara, macho yameingia ndani. Agnetha aliuchukua ungo, akaondoka, hakusema neno juu ya mtoto. Kokugonza alibaki mlangoni na hasira ambayo hakujua ampe nani.

Usiku wa Jumatano akapata wazo, akashangaa kwamba halikumjia miaka yote. Wageni hawakuambiwa kwa sababu hawakuketi. Basi awaketishe. Awatafunishe kahawa, kisha awaambie kwamba yule wa kwenye bango si fukara, ni mfiwa, na msiba wake ulikwisha. Watu wazima wakiambiwa ukweli wataelewa, watalitazama lambo lenyewe kwa macho yao, na lambo linajieleza.

Alhamisi akavaa gauni lake jipya, viatu, na kilemba. Rweyemamu alipofika na wageni akamwona hivyo, uso ukamshuka. Lakini hakuweza kumgombeza mbele za watu, na Kokugonza alikuwa ameshapiga goti kuwasalimu. Sakafuni nyasi zilikuwa mbichi, zinanukia. Mama mmoja mgeni, mrefu, mvi zimemjaa, ndiye aliyekuwa mkubwa wao; aliketi akakunja miguu vizuri tu. Najat akaketi kando yake ili atafsiri. Kahawa zikapita kwenye kikapu kidogo, kila mtu akachukua, kila mtu akatafuna, hata wale waliokunja nyuso.

Kokugonza akakohoa, akasema yote. Akamtaja Jovitus, akasema maji ya lambo yalivyomfanya, akaeleza kichwa kilichonyolewa na kamba. Akasema, "Mlinipiga picha nikiwa kwenye kilio changu. Sikuwaambia kwa kuwa mlikuwa mmesimama. Leo mmeketi, nawaambia. Mimi si yule tena."

Najat alichelewa kutafsiri. Kumbe hakujua, na aibu ilimpanda waziwazi, maana picha ile ndiyo iliyompandisha cheo. Lakini alitafsiri, na alitafsiri kweli. Hata asiyejua lugha yao aliona, kwa sababu yule mama mwenye mvi alishusha mkono wenye kahawa, macho yakamjaa machozi, akatambaa kwenye nyasi mpaka kwa Kokugonza akamshika mikono. Mikono ile ilikuwa na joto. Kokugonza akahisi mzigo wa miaka unashuka begani, akashukuru Mungu hapo hapo.

Kisha wageni wakaongea wao kwa wao. Waliongea kwa haraka, wanaitikiana, na mmoja akawa anaandika kwenye simu. Najat alisikiliza, akatazama chini.

"Wanasemaje, mwanangu?"

"Wanakupa pole sana, mama. Wanasema hawakujua kwamba mambo yalikuwa makubwa hivi. Mjane, na maji yenyewe ndiyo yaliyomuua mume." Najat alilamba midomo. "Wanasema jambo hili likionekana, fedha za awamu ya pili hazitakuwa na wa kuzipinga. Wanataka kutengeneza filamu fupi. Wiki ijayo watu wa kamera watakuja. Wanaomba uvae kama siku ile."

"Umewaambia kwamba kamba ile ni ya mfiwa?"

"Nimewaambia, mama. Ndiyo maana wanaitaka."

Kokugonza aliitoa mikono yake taratibu kutoka kwenye mikono ya yule mgeni.

"Umewaambia kwamba binti yangu ni mjamzito, na kamba haifungwi penye mimba?"

Najat akageuka, akasema nao. Nyuso zote zikachangamka, wakatikisa vichwa, wakacheka na Noela pale mlangoni.

"Wanasema hongera," Najat alisema kwa sauti ndogo.

Nje watu wa bonde walikuwa wamejaa uani. Rweyemamu alitoka akawapa habari, na vigelegele vikapasuka mpaka mbuzi wakakata kamba. Wanawake waliingia wakamkumbatia Kokugonza mmoja mmoja. Agnetha alilia begani mwake. Hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza kama amekubali, na yeye, katika mikono ile yote, hakuona pa kupenyeza neno hapana. Walikuwa majirani zake. Waliokuja kumzika Jovitus ni hao. Angewaambia nini?

Alichoweza kufanya kilikuwa kimoja, akakifanya kesho yake asubuhi. Alimfungia Noela nguo zake.

"Unanifukuza," Noela alisema.

"Nakuondoa. Kamba haitafungwa ukiwa chini ya paa hili. Utajifungulia Nkwenda."

"Na mtoto nani atamwogesha?"

"Mama mkwe wako. Mukabera si yupo?"

"Yule anayenisema kila siku kwamba sijui kupika ugali?"

"Ana bomba uani," alisema Kokugonza.

Akatoa beseni uvunguni, akampa. Noela alilikataa kwanza, halafu akalipokea, akaanza kulia kwa hasira kama alivyokuwa akilia utotoni. Wakaenda pamoja mpaka barabarani, mama amebeba begi. Hapo Kokugonza alimshika tumbo, akalishika muda mrefu, maana alijua akishafungwa hatakuwa na ruhusa ya kumgusa mwenye mimba wala kuingia penye mtoto mchanga, mpaka ukoo umfungue. Gari likaja, likamchukua binti yake kwenda Nkwenda.

Wiki ikafika. Rweyemamu alikuja na kamba aliyoichuna mwenyewe kibanjani, ameikunja vizuri. Kichwa kilinyolewa uani na Agnetha. Siku ya msiba wa kweli mkubwa wa ukoo hufunga huku akimtaja marehemu na kuwaambia mababu ni nani anayeliliwa. Safari hii Rweyemamu alifunga kimya, bila neno, akidhani labda kwa kunyamaza atakidanganya kifo. Alishindwa fundo mara ya kwanza. Kokugonza alimtazama akamhurumia, kisha akakasirika kwamba hata hapo ni yeye anayehurumia.

Wakashuka lamboni. Wenye kamera walikuwa vijana wa kazi, hawana ubaya, wanasema asante kila baada ya neno. Walimwambia ashuke na dumu, ainame, achote, ajitwishe, apande. Alifanya. Walimwambia arudie. Alirudia. Mwenye kamera akamwambia Najat jambo.

"Anasema uso wako umetulia mno," Najat alitafsiri bila kumwangalia. "Anaomba umkumbuke marehemu."

Kokugonza alimkumbuka Jovitus. Alimpenda yule mwanaume, na alimlilia mpaka alipomaliza. Machozi yale yalikwisha kutoka. Wala mawazo yake hayakuwa kwa Jovitus. Yalikuwa Nkwenda, kwa sababu alfajiri simu ilipigwa kwamba uchungu umemshika Noela na amepelekwa kituo cha afya, na tangu hapo hakuna aliyepiga tena. Simu alikuwa nayo Agnetha huko juu ya ukingo, maana mjane wa kwenye filamu hakai na simu. Kila alipoinama kuchota, Kokugonza alikuwa akitega sikio kule.

Wakamwambia arudie. Akaingia majini mpaka vifundoni. Hapo simu ikaita.

Aliona Agnetha akiipokea. Aliona akisikiliza, mkono mmoja mdomoni. Kisha Agnetha akaanza kushuka ukingoni kwa haraka, anateleza kwenye tope, na uso wake haukusema kitu chochote. Kokugonza alimtazama anavyokuja. Nilikiita, alijiambia. Nilikipungia mkono mwenyewe. Akalidondosha dumu.

Agnetha alifika, akamwinamia sikioni. "Amejifungua. Msichana. Wote wazima, Kokugonza. Wazima kabisa."

Kokugonza akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, amekaa ndani ya maji ya lambo na kanga imemgandama mwilini. Akalia kwa hofu yote aliyokuwa ameibana na kwa furaha iliyokuja juu yake, na kwa kuwa hakuwa huko. Hakuweza kujizuia. Kamera ilisogea karibu kimya kimya, ikachukua kila kitu. Juu ya ukingo yule mama mwenye mvi alikuwa naye analia, kiganja kifuani. Najat peke yake, aliyesimama karibu, alikuwa amesikia maneno ya Agnetha. Alifungua mdomo amwambie mwenye kamera, akaangalia watu wa bonde waliojipanga ng'ambo ya lambo wakiwa wamekaza macho na pumzi, akaufunga.

Machozi yalipopungua, mkono wa Kokugonza ulikwenda wenyewe kwenye fundo la kiunoni.

"Bado, shemeji." Rweyemamu alikuwa ameshuka mpaka ukingo wa maji, anazungumza chini chini, na macho yake mekundu. "Vumilia kidogo. Wanasema hii imemaliza kazi, maji tumeyapata. Ila jua lilikuwa limejificha. Wanaomba mara moja tena."

Kokugonza alimgeukia Agnetha. "Mtoto analia?"

"Analia sana. Nimemsikia kwenye simu. Wanamwogesha."

Kokugonza akaokota dumu, akainama, akalizamisha, akalishikilia chini mpaka lijae.